Dagaa sio jina la ukoo: kwa nyie madogo mnaoanza kusoma uainishaji wa viumbe

Kila msimu wa fildi ukifika wanashuka vijana wapya hapa Kigoma, mwisho wa reli, begi mgongoni na koti jeupe ambalo bado lina mikunjo ya dukani, na karibu wote wanakuja na ugonjwa uleule niliokuja nao mimi. Ukimuuliza dogo uainishaji wa viumbe ni nini anakuimbia, himaya faila ngeli oda familia jenasi spishi, yani ngazi za makundi kuanzia kubwa mpaka dogo, anaimba bila kupumua kama anataja stesheni za treni, afu ukimwonyesha samaki mmoja tu kwenye beseni ukamwambia haya mpange huyu, anaangalia juu. Siwacheki. Mimi niliimba hivohivo nikapata A, na ile A ndo ilinidanganya.

Ngoja niwape kisa changu kwanza maana wengi mtakipitia. Wiki zangu za mwanzo nilipangiwa mwalo wa Kibirizi kuchukua takwimu za samaki wanaoshushwa. Kazi yenyewe rahisi, mitumbwi inarudi alfajiri kutoka kuvua na taa, unapima, unahesabu, unajaza karatasi. Kwenye karatasi kuna safu imeandikwa spishi. Mimi nikajaza dagaa, dagaa, dagaa, siku kumi na tisa nzima dagaa, tena mwandiko mzuri kabisa. Siku ya ishirini bosi akaja, akafungua faili, akauliza swali moja tu, dagaa yupi? Nikamjibu dagaa wa Kigoma. Akafunga faili. Karatasi zote zikatupwa na mpaka leo nikipita pale naona aibu kidogo.

Aliyeniokoa wala hakuwa msomi, alikuwa mama mmoja anayeanika dagaa kwenye chanja. Aliniona nimekaa kinyonge akaniita, wee mwanangu hebu njoo, akachota dagaa wabichi kiganjani akaanza kuwatenga kwa kidole gumba, haraka haraka kama anachambua mchele. Upande huu wembamba, laini, kama sindano. Upande huu wana mwili mpana kidogo, vibonge, na hawa wakiachwa wanakua kupita kidole cha mtu mzima. Afu akachomoa watatu akawaweka pembeni kabisa akasema hawa wala sio dagaa, hawa watoto wa migebuka, wanafuata dagaa wawale ndo wanaishia wavuni. Nikamuuliza anajuaje. Akasema ukiwachanganya hawakauki pamoja. Yani uainishaji wake yeye umefundishwa na jua! Nikabeba vikundi vyangu vitatu mpaka maabara nikafungua kitabu, na kitabu kikakubaliana na mama: wale wembamba ni Stolothrissa tanganicae ambaye mwisho wake ni kama sentimita 10, wale vibonge ni Limnothrissa miodon anayeweza kufika 17, na migebuka ni Lates stappersii. Mama hajui neno hata moja la Kilatini na alikuwa amefika palepale.

Sasa hapa ndo somo linapoanzia. Hao dagaa wetu wawili wako upande wa sardini, yani ndugu zao wengi wako baharini. Dagaa wa Mwanza, ambaye kwenye soko lolote la Tabora utamkuta fungu lake limepangwa bega kwa bega na la Kigoma na wauzaji wanabishana yupi mtamu (mtamu ni wa Kigoma, hilo halina mjadala), yeye ni Rastrineobola argentea, yuko upande wa samaki wa aina ya kapi, hata oda ni tofauti. Kwa hiyo neno dagaa halisemi udugu, linasema samaki mdogo anayeanikwa na kuliwa mzima mzima. Ni jina la jikoni. Halina kosa lolote, kwa sababu mpishi anahitaji jina la jikoni, ila we ukilibeba mpaka kwenye karatasi ya spishi utalia kama mimi.

Afu angalia upande wa pili, mambo yanageuka. Migebuka, mwembamba mrefu, na sangara yule wa Mwanza, dude la kilo nyingi, kwa macho huwezi kuwaweka nyumba moja. Lakini wote wawili ni Lates, jenasi moja, huyu Lates stappersii na yule Lates niloticus aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Majina tofauti, maumbo tofauti, damu moja. Wenye jina moja hawana udugu na wenye udugu hawana jina moja. Ukishalielewa hili, historia yote ya somo hili unaisoma kama hadithi ya watu waliokuwa wanahangaika na beseni lilelile la yule mama, na kila mmoja anauliza niwatenge kwa kigezo gani.

Ndo maana nawaambia msianze na ule wimbo, anzeni na watu.

Wa kwanza ambaye tuna kazi yake ya kueleweka ni Aristotle, Mgiriki, 384 hadi 322 KK. Alikaa kwenye kisiwa cha Lesbos akawa anachunguza viumbe wa kwenye lile wangwa la bahari na kuwauliza wavuvi, yani na yeye alianzia mwaloni, msijione mmepangiwa sehemu mbaya. Aliandika habari za wanyama kama 500 hivi, akawagawa makundi mawili makubwa, wenye damu na wasio na damu, alimaanisha damu nyekundu, na mpaka leo mstari ule unakaribiana sana na wenye uti wa mgongo na wasio nao. Aliona kwamba pomboo anazaa na kunyonyesha na anavuta hewa, hivo hafai kuwekwa na samaki. Miaka mia tatu na kitu kabla ya Kristo huyo! Alikosea pia, aliamini mikunga wanatokea matopeni tu, lakini kosa hilo hata kwetu lipo, kila mvua kubwa ikinyesha utasikia mtu anakwambia vyura wametoka kwenye matope yenyewe. Rafiki yake Theophrastus yeye akachukua mimea, akaigawa miti, vichaka, vichaka vidogo na majani. Baadaye sana Basra, karne ya 9, al-Jahiz aliandika kwa urefu kuhusu wanyama na tabia zao na jinsi wanavyopigania chakula, vitabu vingi vya shule vinamruka sijui kwa nini.

Afu kwa karne nyingi mambo yakalala kidogo, watu walikuwa wanapanga mimea kwa kazi yake, hii ya tumbo hii ya homa, kama babu wa tiba asili anavyopanga makopo yake. Kilichowaamsha ni meli. Ulaya ilianza kupokea mimea na wanyama kutoka kila kona na majina yakawaishia. Cesalpino wa Italia mwaka 1583 akasema tupange kwa matunda na mbegu. John Ray wa Uingereza mwaka 1686 akatoa maana ya spishi ambayo hata bibi yako angeikubali, kwamba mimea iliyotoka kwenye mbegu za mmoja ni ya aina moja hata kama mmoja ni mrefu na mwingine mfupi. Ila majina yalikuwa balaa. Jina la mmea lilikuwa sentensi nzima ya Kilatini, mfano kale kammea kanakoota kwenye mashamba, kana tunda dogo limefunikwa kama limevaa mfuko wa karatasi, kalikuwa kanaitwa kitu kama Physalis wa mwaka mmoja mwenye matawi mengi yenye pembe yasiyo na manyoya na majani yenye meno. Sa hebu fikiria unajaza hilo kwenye karatasi mwaloni na mvua inanyesha.

Hapo ndo anaingia Carl Linnaeus, Mswidi, kazaliwa 1707. Mwaka 1735 alitoa toleo la kwanza la mpangilio wake, kurasa chache tu lakini kubwa kama meza. Mimea aliipanga ngeli 24 kwa kuhesabu hasa stameni, yani sehemu za kiume kwenye ua, na watu wa heshima wakamshambulia kwamba anafundisha mambo ya chumbani. Kwa mimea majina mafupi ya maneno mawili aliyafanya kuwa utaratibu mwaka 1753, na kwa wanyama mwaka 1758 kwenye toleo la kumi, na miaka hiyo miwili ishikeni maana mpaka leo ndo mwanzo rasmi wa majina, jina la mnyama la kabla ya 1758 kisheria halihesabiki. Kale kammea ka sentensi ndefu kakawa Physalis angulata, basi, kwisha.

Mwaka 1735 nyangumi alikuwa bado kamweka na samaki. 1758 akamhamishia kwa wanyonyao, pale Aristotle alipokuwa ameshafika zamani zile. Nawaambia hili kwa sababu madogo mnaogopa kufuta. Linnaeus mwenyewe alifuta.

Halafu kuna kitu kinanichekesha kila nikikifundisha. Wanyama wote aliwagawa ngeli sita: wanyonyao, ndege, amfibia, samaki, wadudu na minyoo. Kwenye amfibia alimtupia mpaka nyoka. Kwenye wadudu aliweka buibui, nge na kaa humohumo. Na minyoo ndo lilikuwa jalala, konokono, pweza, kiwavi wa baharini, chochote chenye mwili laini kasukumia huko. Sasa msimcheke, hebu tuangalie Kiswahili chetu. Buibui mdudu, nge mdudu, tandu mdudu, hata ukipimwa malaria dokta anakwambia una wadudu watatu kwenye damu. Watatu wa nini? Plasmodium sio mdudu, hata mnyama sio, ni kiumbe cha seli moja. Linnaeus na mtaa wetu walikuwa na jalala linalofanana, kila lugha ina kapu la kutupia vitu ambavyo haijavitazama kwa karibu. We ukiwa unasoma kundi lolote jiulize hili ni kundi la kweli au ni kapu.

Tuje kwenye majina yenyewe maana hapa mnapoteza maksi za bure. Jenasi herufi kubwa, spishi herufi ndogo, hata kama spishi imetokana na jina la mtu au mahali, kwa hiyo tanganicae sio Tanganicae. Ukiandika kwa mkono piga mstari chini ya kila neno peke yake, usiunganishe mstari mmoja. Afu kuna kitu karibu hakuna mwalimu alinifundisha nikajifunzia hapa hapa: jina la mtu linalofuata na yale mabano. Ukiona Stolothrissa tanganicae Regan, 1917 bila mabano maana yake Regan ndo alimwelezea na jenasi ni ileile aliyompa. Ukiona Lates stappersii (Boulenger, 1914) kwenye mabano maana yake Boulenger alimpa jenasi nyingine, wakaja wengine wakamhamisha. Na kweli, alimwita Luciolates, baadaye watu wakaangalia wakasema huyu ni Lates tu jamani. Yani yale mabano mawili ni kama muhuri wa uhamisho kwenye barua ya mtumishi, unajua kabisa huyu hakuanzia kituo hiki.

Stappers alikuwa daktari Mbelgiji aliyekusanya samaki kwenye ziwa hili kabla ya vita ya kwanza, na Boulenger alikuwa Mbelgiji pia aliyefanya kazi makumbusho ya London. Kuhe wetu, yule sikilidi (familia ya kina ngege) ambaye ni kati ya wakubwa kuliko wote duniani, jina lake la kisayansi ni Boulengerochromis microlepis. Nasema ukweli mimi hii inanikera kidogo. Samaki ana jina zuri fupi, wavuvi wanamjua anapotagia na anavyolinda watoto, na vielelezo vya kwanza vya samaki wa huku viko London na Tervuren kule Ubelgiji, ukitaka kubishana kuhusu spishi ya ziwa lililo mlangoni kwako lazima uombe picha kutoka nje. Ndo hali. Ila sheria ya majina haijali hisia, jina la kwanza lililotolewa kwa utaratibu ndo linabaki. Hata Linnaeus ilimkata. Nyuki alimwita Apis mellifera mwaka 1758, maana yake mbeba asali, miaka mitatu baadaye akastuka kwamba nyuki habebi asali, anabeba maji matamu ya maua na asali anaitengenezea mzingani, akataka kubadilisha iwe mellifica, mtengeneza asali. Too late kama wanavyosema, jina la kwanza limeshika. Kwa hiyo nyuki wote wa misitu ya miombo kule Tabora, kwenye asali ambayo nchi nzima inaifuata, wanaitwa kwa kosa ambalo mwenye kosa mwenyewe alilikiri.

Sa twende kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote, na kimetokea hapa nyumbani. Mwaka 1858 wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Ujiji, na Speke akaokota magamba ya konokono wa ziwani, yakapelekwa London, mwaka uliofuata yakaelezewa. Watu wakashangaa, mbona haya magamba ni mazito na yana michongo kama ya konokono wa baharini? Baadaye akaja John Moore, Mwingereza, safari mbili kati ya 1895 na 1900, akaongeza kwamba kuna mpaka kiwavimaji humu ziwani, yule mnyama wa utandoutando wa baharini, na magamba akayalinganisha na visukuku vya bahari ya kipindi cha Jurasiki akaona yanafanana kabisa. Akahitimisha kwamba Ziwa Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki nchi kavu. Hoja tamu, picha ziko, kila kitu kinafanana. Na sio kwamba Moore alikuwa mtu wa hovyo, huyu huyu pamoja na mwenzake Farmer mwaka 1905 ndo walioleta lile neno miosisi mnalolikariri kwenye jenetiki, ule mgawanyiko wa seli unaotengeneza mbegu za uzazi.

Lakini alikosea. Ziwa lina umri wa kama miaka milioni 9 hadi 12, Jurasiki iliisha zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita, hawakuwahi hata kupishana mlangoni. Wale konokono wanafanana na wa baharini kwa sababu wameishi kwenye ziwa kubwa lenye mawimbi na kaa wanaovunja magamba, mazingira yakawasukuma kuwa na magamba mazito, kama vile fundi wawili wasiojuana wakipewa tatizo moja wanaweza kutoka na kitanda kinachofanana. Na dagaa wetu, ambao kweli wana asili ya bahari? Utafiti wa DNA wa mwaka 2008 ulionyesha wahenga wao waliingia maji baridi kupitia Afrika Magharibi zamani sana, ndo wakasogea kupitia mito mpaka huku. Kwa hiyo kitu kimoja kilichofanana na bahari kilikuwa na udugu na bahari na kingine hakikuwa nao, na kwa macho tu usingeweza kutofautisha.

Ndo maana Darwin ni mtu mkubwa kwenye somo hili hata kabla hujafika kwenye mabishano yake mengine. Mwaka 1837 alichora mti mdogo wa matawi kwenye daftari, na kwenye kitabu chake cha 1859 mchoro ni mmoja tu, nao ni wa matawi. Kabla yake watu walikuwa wanapanga viumbe wakijaribu kubahatisha mpango wa Muumba ulikuwaje. Yeye akasema makundi yapo ndani ya makundi kwa sababu ni ukoo, ni uzao. Swali likabadilika kutoka anafanana na nani, likawa katoka kwa nani.

Ila namna ya kujibu hilo swali ilichukua karibu miaka mia nyingine. Mjerumani Willi Hennig, mtaalamu wa nzi, aliandika rasimu yake akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Waingereza mwaka 1945, ikachapwa 1950. Hoja yake nawaelezea hivi. Ukitaka kujua nani ni ndugu kwenye umati pale stesheni, kuwa na vidole vitano hakukusaidii, wote wanavyo, wamerithi mbali mno. Unatafuta kitu kipya, kilichoanzia kwa babu fulani na kikashuka kwa uzao wake tu, mfano mwanya wa meno ya mbele unaoonekana kwa baba, mashangazi na wajukuu. Na hata hapo usikurupuke, maana mwanya unaweza kutokea kwenye koo mbili zisizojuana, hivo unaangalia alama nyingi kwa pamoja. Hiyo ndo kazi yote, mengine ni kompyuta.

Matokeo yake yanachekesha. Wahenga wanasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Sawa, kwa umbo kenge anastahili kabisa, ngozi ya magamba, mkia, tumbo chini. Lakini kwa ukoo mamba yuko karibu na kuku kuliko na kenge. Ndio, kuku huyuhuyu wa kienyeji. Ukitaka msafara wa kweli wa mamba mtoe kenge umweke jogoo. Na reptilia kama mlivyofundishwa, ukiwatoa ndege, ni kapu lingine tu.

Himaya sasa, nitapita haraka maana mnazijua. Linnaeus alikuwa na mimea na wanyama (na mawe!). Haeckel mwaka 1866 akaongeza protista kwa vile vya seli moja. Whittaker mwaka 1969 akaja na tano mnazokariri shuleni, akawatoa rasmi fangasi kwenye mimea. Uyoga mnaonunua kwa mafungu barabarani msimu wa mvua unawekwa pembeni ya mchicha, lakini kwa ukoo uko karibu na mbuzi kuliko na huo mchicha. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox wakasoma RNA ya ribosomu (kile kiwanda cha protini ndani ya seli) wakagundua kwamba vile vilivyokuwa vinaitwa bakteria wote ni koo mbili kabisa, hawa wengine wakawa akea, wamo hata kwenye tumbo la ng'ombe anayecheua wanatengeneza gesi ya methani. Mwaka 1990 Woese akaweka domeni tatu juu ya himaya zote. Ushauri wangu wa mtihani: jibu mtaala wako unavyotaka, kama ni himaya tano andika tano usibishane na msahihishaji, ila kichwani mwako jua kwamba hiyo ni picha ya 1969.

Na sokwe wa Gombe hapo jirani, Pan troglodytes, hilo neno la pili alipewa na Blumenbach mwaka 1775. Watalii wanapanda boti kwenda kuwaona, wengi wanamjua kwa sababu ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika 1960. DNA inasema sokwe huyu yuko karibu na binadamu kuliko na gorila. Mnasikia? Sio kwamba sokwe na gorila ni kundi na sisi tuko pembeni, sisi na yeye ndo kundi na gorila yuko pembeni. Waswahili walishamwita sokwe mtu zamani, sijui walikuwa wanatania au vipi.

Lalamiko la kawaida la madogo ni kwamba majina yanabadilika. Yanabadilika ndio. Nyanya Linnaeus aliiweka kwenye Solanum 1753, baadaye Mwingereza Miller akaitoa, DNA ikairudisha kulekule, iko na viazi mviringo, bilinganya, nyanya chungu na mnavu. Usiniamini mimi, shika ua la nyanya na ua la mnavu weka kwenye kiganja kimoja uone ile nyota na ule mkungu wa njano katikati. Migunga ndo kesi ya machungu zaidi, ilipogundulika Acacia ni koo kadhaa ikabidi jina libaki kwa mmoja, mkutano wa Vienna wa 2005 ukawapa Waaustralia na wa Melbourne 2011 ukakazia, yetu ya Afrika ikawa Vachellia na Senegalia. Watu wa misitu Tabora bado wana hasira na wengi wanasema akesia kama zamani. We ukitafuta machapisho tafuta kwa majina yote mawili, usipofanya hivo utakosa nusu ya kazi zilizofanywa kabla ya kubadilika.

Mambo machache ya mikono kabla sijamaliza. Ufunguo wa utambuzi, yani ile orodha ya maswali ya hatua kwa hatua inayokufikisha kwenye jina la kiumbe, usianzie na samaki usiyemjua, anzia na unayemjua kabisa, ngege mfano, upite nao hatua kwa hatua uone unakufikisha kwake, ndo utajua wapi huwa unateleza. Usikisie jina afu urudi nyuma kutafuta ushahidi, ufunguo utakukubalia tu ukiulazimisha. Piga picha samaki akiwa mbichi maana sikilidi wengi rangi ndo kila kitu na kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia, rangi inaondoka. Kata kipande cha pezi weka kwenye ethanoli kabla mwili haujagusa fomalini, fomalini inaharibu DNA, na kipande kile kikishaharibika hakuna wa kukurudishia. Na lebo ya ndani ya chupa unaandika kwa penseli. Kuna dogo mmoja aliandika chupa arobaini kwa peni ya bluu, kesho yake tulikuwa na chupa arobaini za maji ya bluu na samaki wasio na majina.

Sasa hivi mbalamwezi inaisha, giza likianza mitumbwi inatoka na taa, wale mliopangiwa Kibirizi fikeni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Mkifika msianze na karatasi, nendeni kwanza kule kwenye chanja mkamsalimie yule mama, shikamoo kabisa, mwambieni mmetumwa mwoneshwe dagaa. Atawauliza dagaa yupi.